Abdias do Nascimento: Jukwaa Lililotangulia Bunge

Mwaka 1941, katika ukumbi wa Teatro Municipal mjini Lima, Peru, Mbrazili mmoja mwenye umri wa miaka 27 alitazama The Emperor Jones, tamthilia ya Mmarekani Eugene O'Neill. Ni kisa cha Brutus Jones, mtu mweusi aliyekuwa mhudumu wa treni, akaua, akatoroka kifungoni, akajitawaza katika kisiwa kimoja cha Karibi. Raia wanapomchoka anakimbilia msituni, na usiku kucha ngoma zao zinamwandama. Mchezo wote uko mabegani mwa mtu huyo mmoja. Usiku ule wa Lima aliigizwa na mzungu kutoka Argentina aliyejipaka rangi nyeusi.

Mbrazili yule, Abdias do Nascimento, alieleza baadaye kwamba alitoka ukumbini akiifikiria nchi yake kuliko Peru. Brazil ilikuwa na mamilioni ya raia weusi, na katika maonyesho ya muziki na vichekesho walikuwapo. Tangu mwaka 1926 Rio de Janeiro ilikuwa imeshuhudia Companhia Negra de Revistas, kundi la weusi ambamo Grande Otelo, mchekeshaji mashuhuri wa baadaye, alipita akiwa bado mtoto. Lakini tamthilia nzito, zile zilizohesabiwa kuwa sanaa, zilikuwa mali ya weupe. Mhusika mweusi akipewa maneno ya maana, alipakwa masizi mtu mweupe. Akiwa wa kubeba sinia na kuchekesha watu, hapo mweusi aliitwa.

Ukimtaja Abdias leo Rio au São Paulo, wengi watamkumbuka mbunge, seneta, mzee aliyepigania haki za weusi hadi kifo chake tarehe 23 Mei 2011, akiwa na miaka 97. Tamthilia hutajwa kama shughuli ya ujanani, kituo alichopita akielekea kwenye mambo makubwa. Mimi nashikilia kinyume chake. Naona bungeni alikwenda kuendeleza kazi aliyoianza jukwaani, na kwamba madai yake makuu akiwa na cheo alikuwa ameshayajaribu na waigizaji wake, bila fedha, katika vyumba vya kuazima.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1914 mjini Franca, jimbo la São Paulo, eneo la kahawa na viatu. Baba yake alikuwa fundi viatu na mpiga muziki. Mama yake, Dona Josina, alipika vitu vitamu vya kuuza. Bibi yake aliwahi kuwa mtumwa. Wala hilo halikuwa jambo la zamani sana: Brazil ilifuta utumwa tarehe 13 Mei 1888, miaka 26 tu kabla Abdias hajazaliwa, ikiwa nchi ya mwisho katika Amerika kufanya hivyo. Waafrika wapatao milioni tano walikuwa wamevushwa bahari kupelekwa huko, wengi kuliko waliopelekwa nchi nyingine yoyote ya bara hilo. Walio wengi walitoka Angola, Kongo na Afrika Magharibi, lakini meli zilipakia watu pia katika Kisiwa cha Msumbiji na Quelimane, kwenye Bahari hii hii ya Hindi tunayoogelea sisi.

Ujana wake haukunyooka. Aliingia jeshini. Katika miaka ya 1930 alijiunga na Ação Integralista Brasileira, harakati ya mrengo wa kulia iliyoiga ufashisti wa Ulaya, kisha akaiacha. Wanaomtukuza hupenda kuliruka jambo hilo, nami naona hawamtendei haki. Mtu aliyepita huko akatoka anaijua nguvu ya sare, bendera na gwaride, na anajua pia watu wa namna gani huachwa nje ya picha. Mwaka 1936, mjini São Paulo, yeye na rafiki yake waliingia katika ugomvi baada ya kugomea kupita mlango wa nyuma wa mahali pa starehe. Kesi ikamfuata. Alihukumiwa akiwa hayupo, wakati akizunguka Amerika ya Kusini na kikundi cha washairi vijana wa Brazil na Argentina waliojiita Santa Hermandad Orquídea, safari ile ile iliyomfikisha Lima na baadaye Buenos Aires, alikojifunza kazi ya jukwaa katika Teatro del Pueblo. Aliporudi nyumbani alifungwa katika gereza la Carandiru.

Humo gerezani ndipo alipoanza uongozaji wenyewe. Aliunda Teatro do Sentenciado, kundi la wafungwa walioandika michezo yao na kuiigiza wao kwa wao. Nalitilia uzito jambo hili kuliko waandishi wengi wa maisha yake wanavyofanya, kwa sababu linaonyesha tabia yake yote ya kazi. Hakungoja apate waigizaji waliosomea uigizaji. Aliwachukua watu waliokuwa mbele yake, wenye visa vyao vinywani, akawapa mahali pa kusimama na muda wa kufanya mazoezi.

Tarehe 13 Oktoba 1944, akiwa Rio, akaanzisha Teatro Experimental do Negro, kundi la tamthilia la weusi. Ninachokiheshimu zaidi ni utaratibu wake. Waliojitokeza walikuwa wafanyakazi wa ndani, vibarua, wakazi wa favela, makarani wadogo. Wengi wao hawakujua kusoma. Mwongozaji mwingine angewakaririsha maneno yao mstari kwa mstari hadi siku ya onyesho, mambo yakaisha. Abdias alifungua darasa la kisomo. Umoja wa Kitaifa wa Wanafunzi, UNE, uliwaazima vyumba. Ironides Rodrigues akafundisha kusoma na kuandika, na Aguinaldo Camargo akafundisha maarifa ya jumla ya utamaduni. Kwa maelezo ya Abdias mwenyewe, walioandikishwa walifika watu wapatao 600. Sisi tuliokulia katika nchi zilizokuwa na madarasa ya elimu ya watu wazima chini ya miembe tunaelewa bila kuelezwa maana ya mtu mzima kushika kalamu kwa mara ya kwanza. Sasa mfikirie mtu huyo huyo, miezi michache baadaye, akiwa na andiko la tamthilia mkononi na kulisoma mwenyewe.

Lawama zilianza mapema. Gazeti la O Globo lilichapisha maoni ya kulikemea kundi mwezi ule ule lilipoanzishwa, kwa hoja kwamba linaleta utengano katika nchi isiyo na utengano. Hiyo ndiyo ilikuwa imani ya watawala na wasomi wengi wa wakati ule: Brazil ni nchi ya watu waliochanganyika, haina ubaguzi wa rangi kama Marekani, na anayetaja rangi ndiye mbaguzi. Imani hiyo iliitwa demokrasia ya rangi. Abdias aliipinga maisha yake yote, na nadhani silaha yake kali kuliko zote ilikuwa ile ya kwanza, yaani kuwaonyesha watu jukwaa lao wenyewe na kuwauliza wako wapi.

Onyesho la kwanza lilihitaji tamthilia, na tamthilia ya Kibrazili yenye mtu mweusi kamili haikupatikana. Akamwandikia O'Neill. Jibu lilikuja: mchezo autumie bila kulipa chochote. Hivyo The Emperor Jones, iliyoanza kama kidonda mjini Lima, ikawa ndiyo ya kwanza. Ilichezwa tarehe 8 Mei 1945 katika Theatro Municipal ya Rio, jumba la marumaru na dhahabu ambalo weusi walilijua kwa kulifagia. Siku hiyo hiyo vita ilikuwa imekwisha Ulaya na mitaa ya Rio ilikuwa ikisherehekea. Aguinaldo Camargo aliigiza Brutus Jones, na wahakiki waliokuja na mashaka yao walilazimika kuandika kwamba wamemwona mwigizaji mkubwa.

Katika kundi hilo alikuwapo binti aitwaye Ruth de Souza, aliyelelewa na mama mfua nguo. Mwaka 1950 alikwenda Marekani kwa ufadhili wa taasisi ya Rockefeller, na mwaka 1954 jina lake lilikuwa miongoni mwa waliowania tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la filamu la Venice. Alikuwapo pia Léa Garcia, aliyeonekana ulimwenguni kote katika filamu ya Orfeu Negro ya mwaka 1959. Kabla ya filamu hiyo kulikuwa na tamthilia ya Vinicius de Moraes, Orfeu da Conceição, ya mwaka 1956, iliyochezwa kwa muziki wa Tom Jobim na mandhari ya jukwaani yaliyobuniwa na Oscar Niemeyer. Majina hayo matatu hutajwa kila mara. Ni nadra kusikia ikielezwa kwamba waigizaji wake wakuu, Haroldo Costa, Léa Garcia na Abdias mwenyewe, walikuwa wamepikwa katika kundi la Abdias. Fahari ile ya muziki na usanifu ilipata watu wa kuibeba kwa sababu kuna mtu aliyekuwa ameshawaandaa.

Hata hivyo mlango haukufunguka wote. Nelson Rodrigues, mwandishi mkubwa wa tamthilia wa kizazi kile, aliandika Anjo Negro, akimfikiria Abdias kwa nafasi ya Ismael, daktari mweusi aliyeoa mwanamke mweupe. Ilipofika jukwaani mwaka 1948, Ismael aliigizwa na mweupe aliyepakwa rangi. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu usiku wa Brutus Jones. Kumwonyesha mfalme mweusi katika kisiwa cha mbali iliwezekana. Kumwonyesha mume mweusi katika nyumba ya Brazil ilikuwa habari nyingine.

Kundi halikukaa jukwaani tu. Lilitoa gazeti, Quilombo, kuanzia mwaka 1948 hadi 1950, jina linalotokana na makazi ya watoro wa utumwa. Mwaka 1950 liliitisha mkutano wa kwanza wa weusi wa Brazil. Wanawake wake, akiwamo Arinda Serafim, mwigizaji aliyekuwa mfanyakazi wa ndani, walidai haki za wafanyakazi wa majumbani wakati ambapo hakuna chama cha siasa kilichojali. Kundi liliandaa pia mashindano ya urembo kwa wasichana weusi na machotara. Waandaaji walisema wanapambana na fikra kwamba uzuri ni mali ya weupe. Naelewa nia, lakini sikubaliani na njia: kumsimamisha msichana apimwe kwa macho ya watu, katika nchi ambayo babu na bibi zake walipimwa hivyo mnadani, ni kukopa desturi ya bwana na kuipaka rangi mpya.

Kazi ninayoiona kilele chake ni Sortilégio, tamthilia aliyoiandika mwaka 1951. Mamlaka za udhibiti ziliizuia, na haikuchezwa hadi mwaka 1957, tena katika ile ile Theatro Municipal, yeye akiwa mwigizaji mkuu. Emanuel ni wakili mweusi. Amesoma, amevaa suti, amejifunza kuyadharau yote yanayonukia Afrika, na ameoa mwanamke mweupe, Margarida, huku akimwacha Efigênia, mweusi mwenzake aliyempenda. Pazia linapofunguka ameshamuua mkewe, na polisi wanamsaka. Anapanda kilima usiku na kujikuta kwenye terreiro, uwanja wa ibada ya candomblé, ambako wahudumu wa kike wanaandaa sadaka kwa Exu. Candomblé ni dini iliyobebwa na watumwa kutoka Afrika Magharibi, yenye orixá, roho takatifu za Wayoruba, Exu akiwa mmoja wao, na kwa miongo mingi polisi wa Brazil waliivamia, wakakamata waumini na kuchukua ngoma zao. Emanuel anaanza kwa kuwadhihaki. Kadiri usiku unavyokwenda, ndoa yake, shahada yake na nguo zake vinamvuka kimoja kimoja, hadi anaukubali mwisho wake mikononi mwa wale aliowadharau.

Si tamthilia isiyo na doa. Wanawake wake wawili, mweupe na mweusi, wamebebeshwa maana kupita kiasi, na Margarida hapewi nafasi ya kuwa mtu kamili kabla hajauawa. Lakini hapa ibada ya Kiafrika inashikilia uti wa mgongo wa mchezo. Ngoma ndizo zinazoamua mtu atafanya nini. Katika The Emperor Jones ngoma ni hofu inayomfukuza mtu. Katika Sortilégio zinamwita arudi. Abdias alichukua mchezo uliomfungulia njia akaujibu kwa mchezo wake, na jibu hilo, kwa maoni yangu, lina kina zaidi.

Wanajeshi walitwaa serikali mwaka 1964. Mwaka 1968 Abdias alikuwa Marekani wakati utawala ulipokaza kamba kwa amri ya Desemba iliyofuta haki nyingi za raia. Hakurudi. Akiwa uhamishoni alianza kuchora kwa bidii, na waliojaa katika turubai zake walikuwa orixá wale wale wa Sortilégio. Akawa profesa katika chuo kikuu mjini Buffalo, jimbo la New York.

Kutoka huko ndiko alikokuja kwetu. Kuanzia tarehe 19 hadi 27 Juni 1974, Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika ulifanyika katika Ukumbi wa Nkrumah, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukifunguliwa na Mwalimu Nyerere. Ulikuwa wa kwanza katika mfululizo huo kufanyika kwenye ardhi ya Afrika. Abdias alikuwapo, akiwasilisha andiko kuhusu mapinduzi ya utamaduni na mustakabali wa umajumui. Serikali ya Ureno ilikuwa imepinduliwa miezi miwili kabla, na wapigania uhuru wa Msumbiji walikuwa na makao yao mjini humo humo. Yeye alitoka nchi ambayo serikali yake, kwa miaka mingi, ilikuwa imeiunga mkono Ureno. Alikuwa pia sauti ya watu ambao mikutano hiyo ilikuwa imewasahau, weusi wa Amerika ya Kusini, ambao Kiingereza na Kifaransa cha wajumbe wengine hakikuwahusu.

Mjadala mkali wa Dar es Salaam ulikuwa kuhusu rangi na tabaka. Wengi walishika msimamo kwamba adui ni ubepari na rangi ni pazia lake. Abdias hakukubali, na miaka sita baadaye, katika kitabu chake O Quilombismo, alikuwa bado anauandikia mjadala huo. Namwelewa. Katika Tanzania ya mwaka 1974, yenye rais mweusi, mahakimu weusi na waigizaji weusi, ilikuwa rahisi kusema rangi ni jambo la pili. Mtu aliyetoka nchi ambayo mweupe alipakwa rangi ili asimame mahali pa mweusi hakuweza kusema hivyo. Inanisikitisha kwamba tulimkaribisha nyumbani kwetu, akasema jambo ambalo uzoefu wetu usingetufundisha, kisha tukamsahau. Mwanafunzi wa sanaa za maonyesho wa Afrika Mashariki atasoma habari za Augusto Boal, Mbrazili mwenzake, na ni vizuri asome. Abdias, aliyefika hadi kilimani pale chuoni, hamjui.

Mwaka 1977 alikuwa Nigeria, akifundisha Chuo Kikuu cha Ife, tamasha kubwa la sanaa la FESTAC lilipofanyika Lagos. Ujumbe rasmi wa Brazil ulifanya kila njia andiko lake juu ya uongo wa demokrasia ya rangi lisisomwe katika kongamano, na halikupokelewa. Likachapishwa Ife na kusambazwa hata hivyo. Mwaka 1978 likatoka Brazil kama kitabu. Serikali iliyotuma wachezaji wake wa samba kuionyesha dunia furaha ya weusi wa Brazil ilimwogopa mweusi mmoja mwenye karatasi.

Aliporudi Brazil kuishi, aliingia siasa za vyama, akawa mbunge wa taifa kuanzia mwaka 1983, kisha seneta kwa vipindi viwili katika miaka ya 1990. Alizoea kuanza hotuba zake katika Seneti kwa kumtaja Olorum, Mungu Mkuu wa Wayoruba. Wapo waliofikiri ni vituko vya mzee. Mimi naona pale kazi ya mwongozaji: jumba lilikuwa na lugha moja inayokubalika na heshima ya aina moja, naye akaingiza sauti ambayo polisi walikuwa wakiivunjia milango. Mwaka 1983 alipeleka muswada wa kutenga nafasi kwa weusi katika ajira na elimu. Ulikufa kwenye kabati za bunge. Mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya kifo chake, Mahakama ya Juu ya Brazil ilikubali kwa kauli moja mfumo wa kutenga nafasi vyuoni, na sheria ikapitishwa kwa vyuo vyote vikuu vya serikali kuu. Mwaka 2013 katiba ilirekebishwa, wafanyakazi wa ndani wakapewa haki nyingi walizonazo wafanyakazi wengine. Hayo ndiyo yale yaliyozungumzwa na Arinda Serafim na wenzake miaka ya 1940, baada ya mazoezi.

Pendekezo langu ni dogo na linatekelezeka. Sortilégio ichezwe kwa Kiswahili. Ni mchezo wa usiku mmoja na mandhari moja, waigizaji wachache, ngoma nyingi, na wapigaji tunao. Wapo watakaosema hadhira ya Kiislamu na ya Kikristo ya mwambao wetu haitamvumilia Exu jukwaani. Sikubali. Hadhira hiyo hiyo inajua uganga, pepo, pungwa na makafara, inajua pia aibu ya msomi anayekwenda kwa mganga usiku na kumkana asubuhi. Emanuel hatakuwa mgeni kwao. Mfasiri asitafutwe kupitia Kiingereza: kuvuka Ruvuma, katika Cabo Delgado, wapo watu wanaokijua Kireno na Kiswahili pia, na kazi hii ingewafaa waigizaji wa pande zote mbili za mto. Nyaraka za Abdias zinatunzwa Rio na IPEAFRO, taasisi aliyoianzisha mwaka 1981, na huko ndiko ombi la ruhusa lipelekwe. Idara ya sanaa ya Mlimani au chuo cha Bagamoyo, yeyote kati yao anaweza kuiandika barua hiyo mwezi huu.